Takwimu za makala za usalama wa kompyuta: asilimia ya kukubaliwa inawapoteza wengi

Fanusi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kwenye uzi wa wanaotafuta ufadhili wa PhD kuna mdau kaandika kwamba kongamano likikubali zaidi ya asilimia 20 ya makala zinazotumwa, basi hilo ni ligi ya mchangani, usipeleke kazi yako huko. Akashangiliwa kweli. Sikutaka kuharibu uzi wa watu, ndiyo maana nimefungua huu. Takwimu hizi nazikusanya kwa shughuli zangu mwenyewe, na nasema bila kumung'unya maneno: hiyo kanuni ya asilimia 20 haina pa kusimama.

Kwa wageni wa fani hii, kwenye usalama wa kompyuta kazi nzito hupelekwa kongamanoni kwanza, si kwenye jarida. Makala inahakikiwa nzima nzima, na ikikubaliwa hilo ndilo chapisho lenyewe, si muhtasari wa ukurasa mmoja. Makongamano yanayotajwa kila mahali ni manne. Kuna IEEE Symposium on Security and Privacy, lililoanza 1980, ambalo watu wanaendelea kuliita Oakland ingawa lilishahama huko tangu 2012. Kuna USENIX Security, ambalo mizizi yake ni warsha ya 1988. Halafu ACM CCS na NDSS, yote mawili ya 1993.

Sasa tuje kwenye namba. USENIX Security 2012 lilipokea makala 222, likakubali 43. Mwaka 2018 zilitumwa 524, zikakubaliwa 100. Pigeni hesabu: miaka yote miwili ni asilimia 19 na ushee. Anayetazama asilimia peke yake ataapa kwamba hakuna kilichobadilika, na huku makala zilizochapishwa zimezidi mara mbili. Kuna uwanja mzima wa watafiti wapya umeingia hapo katikati, na asilimia haikuuona.

Njooni NDSS. Mwaka 2018 zilitumwa 331, zikapita 71, yaani asilimia 21.5. Mwaka uliofuata zilitumwa 521, zikapita 89, asilimia 17.1. Kwa kanuni ya yule mdau, NDSS 2018 ilikuwa ligi ya mchangani, ghafla 2019 ikapanda daraja. Lakini 2019 ndiyo waliokubali makala nyingi zaidi! Kamati haikuwa kali kuliko ya mwaka uliotangulia kwa ushahidi wowote ulio kwenye namba hizo. Walioongezeka ni watumaji.

Jambo linalonikera zaidi ni ile namba ya chini, idadi ya zilizotumwa. Chukueni 2018 yote kwa pamoja: Oakland 63 kati ya 549, CCS 134 kati ya 809, USENIX 100 kati ya 524, NDSS 71 kati ya 331. Jumla zilizopita ni 368, zilizotumwa 2,213. Asilimia 16.6. Inatisha, sivyo? Ila hizo 2,213 si kazi 2,213. Makala iliyokataliwa kwa hawa inarekebishwa na kupelekwa kwa wale, ikikwama inapelekwa kwa wengine, na kila inakopita inaongeza moja kwenye namba ya chini. Ikija kukubaliwa inaongeza moja tu kwenye namba ya juu. Kwa hiyo nafasi ya kazi nzuri kuishia mahali fulani kati ya hayo manne ni kubwa kuliko asilimia 16.6. Kubwa kiasi gani, huwezi kukokotoa kwa data za wazi, kwa sababu orodha ya zilizokataliwa haitolewi na mtu.

Mambo yakazidi kuvurugika makongamano yalipoacha kuwa na tarehe moja ya mwisho. Kufikia 2019 Oakland lilikuwa linapokea makala kila mwezi. USENIX nao wakaingia kwenye awamu kadhaa kwa mwaka. Uamuzi haukuwa tena ndiyo au hapana. Ukaja ule wa "rekebisha, kisha ulete tena". Ikirudi inahesabiwa kuwa mpya au ileile? USENIX Security 2023 lilikubali 422 kati ya 1,444, asilimia 29. Kuna mtu hapa atathubutu kusema hilo ni la mchangani?

Wanaofuatilia mambo haya kwa uwazi wapo. Davide Balzarotti wa EURECOM, Ufaransa, ana ukurasa anaouita System Security Circus, unaohesabu waandishi, taasisi na nchi kuanzia 2000. Guofei Gu wa Texas A&M ana orodha ya siku nyingi ya asilimia za kukubaliwa. Jianying Zhou wa Singapore yeye anapanga makongamano kwa kipimo anachokiita CIF, kinachochanganya asilimia ya kukubaliwa, wingi wa waliohudhuria na kunukuliwa. Mnaona wenyewe tatizo: ile asilimia iliyovurugika imo ndani ya kipimo. Naupenda zaidi wa Balzarotti, kwa sababu unahesabu vitu ambavyo mtu yeyote anaweza kuvihesabu upya.

Karibuni. Wenye majedwali yao watupie.

Pweza Kavu

Mkuu Fanusi, umenena. Ila huku kwetu vyuoni tuna msiba mwingine kabisa. Chuo ninachofundisha, ukipeleka faili la kupandishwa cheo, kamati inaanza kuuliza "jarida gani?" Ukisema ni kongamano, wanakutazama kama uliyekwenda semina kula posho. Mwenzangu ana makala kwenye kongamano zuri la usalama, imepewa alama chache kuliko makala ya kurasa nne kwenye jarida la kulipia ambalo hata mhariri wake hajulikani aliko.

Kwa hiyo hizo 43 kati ya 222 zako, kwenye kamati yetu ni sifuri kati ya sifuri.

Fanusi

Mwalimu, pole sana, na si chuo chako peke yake. Chukua silaha hii: mwaka 1999 Computing Research Association ya Marekani ilitoa waraka wa namna ya kuwatathmini wanasayansi wa kompyuta wanapoomba kupandishwa cheo. Waliouandika ni David Patterson, Lawrence Snyder na Jeffrey Ullman, si watu wa kubezwa. Walieleza wazi kwamba katika fani hii kongamano lenye uhakiki mkali lina hadhi ya chapisho kamili, na mara nyingi ndiyo njia inayopendelewa. Chapa waraka huo, uubane kwenye faili. Wakikataa, angalau wakatae kwa maandishi.

Njia ya pili ni kutumia mlango wa nyuma ambao wenyewe wameufungua. Kongamano la faragha la PETS tangu 2015 linachapisha makala zake kama jarida, PoPETs, lenye juzuu na matoleo. Watu wa kriptografia, yaani elimu ya usimbaji, wakafanya hivyo kwa kongamano lao la FSE, na CHES, la usimbaji kwenye vifaa, likafuata 2018. Ni uhakiki uleule na watu walewale, lakini kwenye faili panaandikwa "jarida". Kamati yako itafurahi.

Jedwali

Hapo kwenye PoPETs na CHES ndipo skripti nyingi, zile programu ndogo za kuhesabu makala, zinapokufa. Unahesabu CHES mwaka kwa mwaka, ukifika 2018 grafu inaanguka kama imekatwa na panga. Makala hazijapotea, zimehamia upande wa majarida kwenye DBLP, ile hifadhidata ya orodha za makala za kompyuta. Nimeona watu wanachora grafu hiyo na kusema "utafiti wa vifaa unakufa". Haufi, ufunguo tu umebadilika, yaani lile jina fupi ambalo DBLP inalipa kila kongamano au jarida.

Kwa wanaotaka kuanza: chanzo ni DBLP. Ilianzishwa na Michael Ley pale Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, 1993, na sasa inaendeshwa na Schloss Dagstuhl. Data zote ni za bure, unaweza kushusha faili zima la XML. Wenye bando la simu msijaribu, ni mamia ya MB likiwa limebanwa na GB kadhaa likifunguliwa. Ombeni kipande kwa kipande kupitia huduma yao ya utafutaji. Vifunguo ni conf/sp kwa Oakland, conf/ccs, conf/ndss, na conf/uss kwa USENIX Security. Hiyo ya mwisho inawachanganya wengi, wanatafuta "usenix" na kupata vitu vya mifumo endeshi.

Mtego wa kwanza: ukihesabu kila mstari wa CCS 2019 hupati makala 149 zilizokubaliwa. Unapata zaidi, kwa sababu kwenye kitabu kilekile kuna mabango, maonyesho na hotuba za wageni. CSRankings, tovuti inayopanga vyuo kwa makala zao, wanachuja kwa urefu, makala yenye kurasa chini ya sita haihesabiwi. Ujanja mzuri, mpaka ufike NDSS ambako DBLP haina namba za kurasa. Ukiweka chujio hilo bila kufikiri, NDSS nzima inafutika.

Mtego wa pili ni majina. DBLP wanatenganisha watu wenye jina moja kwa kuwaongezea namba, 0001, 0002 na kuendelea. Wei Wang wameshapita mia. Ukiondoa namba hizo ili jedwali lako lipendeze, umemzaa profesa mmoja mwenye kasi ya ajabu.

BintiKisosora

Shikamooni wakubwa. Mimi nipo Ujerumani, mwaka wa tatu wa PhD, nilikuwa nasoma kimya kimya ila hapo kwenye majina siwezi kupita.

Tatizo letu sisi ni kinyume cha la Wei Wang. Wao watu wengi jina moja, sisi mtu mmoja majina mengi. Mfano wa kubuni: Asha Juma Hamisi. Makala ya kwanza kaandika Asha Hamisi, ya pili mhariri kaandika A. J. Hamisi, ya tatu kaolewa au kaamua kutumia Asha Juma. Kwenye hesabu ni watu watatu, kila mmoja ana makala moja. Chukueni ORCID, namba ya kumtambulisha mtafiti, mapema, ipo tangu 2012 na haina malipo, na mchague jina moja mkae nalo.

Halafu CSRankings, mmelitaja kwa kupita. Lilianzishwa na Emery Berger wa Massachusetts Amherst ili kushindana na orodha za magazeti zinazopangwa kwa kuwauliza watu maoni. Linachukua makala za DBLP, kila makala ni pointi moja, inagawanywa sawa kwa waandishi. Mkiwa watano kila mmoja ana 0.2. Lakini anayehesabiwa ni mhadhiri mwenye mamlaka ya kusimamia wanafunzi wa PhD. Mimi niliyekesha na majaribio simo. 0.2 yangu haiendi kwa mtu, inamwagika tu.

Silalamiki, ndivyo kanuni ilivyo na wameiandika wazi. Ila ujue kanuni hiyo inampa nani faida. Taasisi yenye wahadhiri wengi wa usalama peke yake, kama CISPA ya Saarbrücken, inapanda juu sana, kwa sababu imekusanya watu wa fani moja mahali pamoja. Hiyo ni habari ya kweli kuhusu CISPA. Haikuambii msimamizi wako atakuwa na muda na wewe.

Mzee wa Kahawa

Samahanini wasomi. Niko Mbeya, nafundisha kompyuta sekondari, nina diploma. Tunahesabu makala za watu wa California ili iweje? Hii inamzuiaje mtoto wa watu kuibiwa laini ya simu na hela zake?

Nai_254

Mzee, swali lako ni zuri kuliko unavyodhani, na mimi nitalijibu kutoka huku Nairobi.

USENIX Security 2015 kulikuwa na makala iliyochunguza programu 46 za pesa kwa simu katika nchi zinazoendelea, saba kati yake zikafunguliwa kwa mkono kipande kwa kipande. Walikuta ukaguzi wa vyeti vya kidijitali uliofanywa ovyo na usimbaji wa kujitungia. Hiyo ni mada yetu, sisi tuliokuwa na M-Pesa tangu 2007. Ukitazama jedwali la nchi, pointi zimeenda Marekani, kwa kuwa utafiti ulitoka Chuo Kikuu cha Florida. Hesabu ya taasisi inasema nani aliandika. Haisemi simu ya nani ilichunguzwa.

Na wizi wa laini unaoutaja: mwaka 2020 watafiti wa Princeton walizipigia simu kampuni tano za Marekani zinazouza laini za malipo ya kabla, mara kumi kila moja, wakiomba kuhamishiwa namba. Zote tano zilikuwa zinatumia njia za kumtambua mteja ambazo mwizi angeweza kuzipita. Makala hiyo ilitoka SOUPS, kongamano la usalama na watumiaji, ambalo halimo kwenye yale manne. Mwenye jedwali la manne tu hajui kwamba makala hiyo ipo.

Kwa hiyo, Fanusi, nina ugomvi kidogo na wewe. Umekataa asilimia, sawa, lakini uzio wa "manne" umeuacha umesimama. Nani aliyeuweka? Wachina kwenye orodha ya CCF, chama chao cha kompyuta, walikuwa na NDSS daraja B hadi walipoipandisha A mwaka 2022. Kwa mtafiti wa Beijing yalikuwa matatu miaka yote hiyo. AFRICACRYPT, kongamano la kriptografia lililoanza Casablanca 2008 na linalozunguka bara letu, halimo kwenye grafu ya mtu yeyote niliyemsoma hapa.

Fanusi

Nai, ugomvi wako naukubali nusu. Uzio wa manne ni wa mazoea, kweli. Ila ukiuondoa bila kuweka mwingine, unaingiza kila kitu, na "kila kitu" katika fani hii kina uchafu mwingi. Mwaka 2005 wanafunzi wa MIT walitengeneza programu ya SCIgen inayotunga makala za upuuzi, wakatuma moja, ikakubaliwa na kongamano. Sehemu za namna hiyo bado zipo, tena zinatuandikia barua pepe kila wiki na kutuita maprofesa. Mimi nitaongeza makongamano ya SOUPS, PETS, ACSAC, RAID, ESORICS na AFRICACRYPT, lakini kila moja kwenye safu yake, bila kuyajumlisha pamoja.

Mzee wa Kahawa, shikamoo. Nikujibu kwa upande wangu. Makala za USENIX zinasomwa bure, yeyote anashusha, na NDSS vilevile. Ninapopanga vichwa vya makala kwa mwaka, naona mada inapozaliwa na inapokomaa. Nikiona mada imechunguzwa mara nyingi, najua kuna mbinu za kujikinga zilizokwisha jaribiwa, naweza kuzifundisha. Nikiona mada yetu, tuseme wizi unaopitia mawakala wa pesa, haina kichwa hata kimoja kwenye safu zangu, najua mwanafunzi wangu akiichukua hatakuwa anarudia kazi ya mtu. Asilimia ya kukubaliwa haijawahi kunisaidia kwa lolote kati ya hayo. Orodha ya vichwa ndiyo kazi.

BintiKisosora

Na mkumbuke hata kukubaliwa kwenyewe kuna bahati ndani yake. Si fani yetu lakini ni jirani: NeurIPS 2014, la watu wa mashine zinazojifunza, lilipeleka makala 166 kwa kamati mbili ambazo hazikuwasiliana. Zilitofautiana kwenye takriban robo ya makala. Kati ya zile zilizokubaliwa na kamati moja, zaidi ya nusu zilikataliwa na nyingine. Mtu akijenga sifa ya chuo juu ya makala tatu au nne kwa mwaka, nusu ya mabadiliko anayoyaona yanaweza kuwa upepo.

Pweza Kavu

Dada, hilo ningelijua kabla sijakaa kwenye kamati ya idara, ningegomba na watu. Fanusi, niambie basi: kwenye faili niandike nini mahali pa "ubora wa chapisho"? Fomu inadai namba.

Fanusi

Andika zote mbili bila kuzigawanya. Kwa mfano aliyechapisha CCS 2019 aandike "zilikubaliwa 149 kati ya 934", na pembeni aseme makala ilihakikiwa nzima na ina kurasa ngapi. Msomaji akitaka asilimia aipige mwenyewe. Kunukuliwa nako kuandike pamoja na tarehe uliyotazama na chanzo, maana Google Scholar na Semantic Scholar hazitoi namba moja. Usichanganye vyanzo viwili ndani ya safu moja.

Jedwali

Swali la mwisho kutoka kwangu. NDSS inafanyika Februari, CCS mwishoni mwa mwaka. Makala ya NDSS 2019 iliandikwa na kuhakikiwa 2018. Ukipanga mada kwa mwaka, unafuata mwaka upi? Nikifuata mwaka wa kongamano, NDSS daima inaonekana imechelewa, na wakati kazi zake zilikamilika miezi mingi kabla.

Fanusi

Kwa idadi nafuata mwaka wa kongamano, ili mtu mwingine akihesabu apate namba yangu. Kwa mada nafuata tarehe ya mwisho ya kutuma, nimeiwekea safu yake. Kwa makongamano ya awamu nyingi naangalia kama makala inaonyesha ilipokewa awamu ipi. Isipoonyesha naacha safu wazi, sikisii. Tuma hiyo skripti yako ya kuchuja mabango, nami nitakupa orodha yangu ya majina ya taasisi yaliyosafishwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pekee kina tahajia za kutosha kujaza ukurasa.